Kona ya Juu ya Bwawa

Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Bwana Lutengano, afisa uvuvi, amesema mfugaji wa samaki asiye na daftari ni mtu anayetupa pumba majini. Haya, daftari ndilo hili. Jina: Liberatus. Umri: miaka sitini na moja. Kazi: nilikuwa karani wa ghala la mahindi Mbalizi kwa miaka thelathini na mbili, nyumbani nikija Krismasi na Pasaka tu, na begi la zawadi. Sasa nimestaafu, nimerudi kijijini kwetu, nusu saa kwa bodaboda kutoka Kihesa. Bwawa: mita ishirini kwa kumi na tano, bondeni chini ya nyumba, mahali ambapo hata Oktoba udongo haukauki.

Sababu ya bwawa nitaiandika pia, ingawa afisa hakuiuliza. Mke wangu Faustina amezoea kuishi bila mimi. Ananipakulia chakula, ananiita Baba Adrian kwa heshima zote, kisha anaondoka kwenda kuketi na mama yangu. Nikafikiri tukiwa na kazi moja, yeye ameshika ndoo na mimi nimeshika ndoo, tutazoeana upya. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kuzunguka. Akasema, "Fuga kuku basi."

Jumanne, 15 Oktoba

Vibarua wangu, Isaka na mwenzake, wamefika kona ya juu, penye chemchemi. Jembe likagonga chungu. Kilikuwa kimefunikwa kwa kingine, mdomo kwa mdomo, na ndani mlikuwa na tope tu. Kikatoka cha pili, cha tatu, vikafika saba. Isaka akaegemea jembe lake.

"Mzee, hapa umemwuliza Bibi, mama yako? Mama yangu alikuwa anatuchapa tukileta ng'ombe kunywa maji hapa."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Alichapa tu."

Nikamwambia ni vyungu vya pombe, bibi zetu walivificha mzungu asivione. Tukavivunja, na vigae tukavishindilia kwenye tuta la chini pamoja na ule udongo wake. Tuta limekuwa imara kabisa.

Jioni Faustina aliuliza tumefika wapi. Nikasema kona ya juu. Aliweka mwiko chini, akaingia chumbani kwa mama, akafunga mlango. Ugali uliungua.

Alhamisi, 24 Oktoba

Chokaa tayari, samadi tayari. Bwawa limejaa kwa siku nne bila mfereji wowote.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya misa nimewatangazia wanaume kwamba samaki wa Kwaresima ijayo watatoka kwangu. Wamenipigia makofi kwa utani. Wanawake waliokuwa karibu walitazama chini, wakaondoka mmoja mmoja.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Bwana Lutengano ameleta vifaranga elfu moja na mia mbili vya perege katika mifuko ya nailoni. Tuliiacha mifuko ielee nusu saa, samaki wazoee maji, kisha tukaifungua. Nilitegemea watawanyike. Hawakutawanyika. Walikwenda wote kona ya juu wakasimama pale, vichwa vimeelekea ukingoni.

"Maji mapya yanaingilia pale, yana hewa safi," akasema Bwana Lutengano. "Samaki si mjinga, mzee wangu."

Faustina hakuja. Alisema siku ya marehemu mtu anakaa kanisani. Niliporudi nilipita kumsalimia mama, ambaye ana miaka themanini na sita na siku nyingine hanitambui. Leo alinitambua.

"Umeweka wangapi?"

"Elfu moja na mia mbili, Mama."

"Na wale waliokuwamo?"

"Hapakuwa na samaki pale, Mama. Palikuwa majani tu."

Akacheka kidogo, akajifunika mgolole wake mpaka usoni.

Jumamosi, 9 Novemba

Mvua hakuna. Pumba nusu debe.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua hakuna. Samaki wanakula kona ya juu tu. Nikitupa chakula upande huu kinaelea mpaka kinaoza.

Jumamosi, 23 Novemba

Njia ya kwenda kisimani ilikuwa inapita bondeni, chini ya tuta langu. Leo nimeona imeota majani. Wanawake wanazunguka kilima kizima, ndoo kichwani, na jua hili la kungoja mvua. Nilimwuliza Faustina kulikoni. Akasema njia ni ya watu, wapite watakapo. Nikamwuliza yeye atashuka lini kuona samaki wake.

"Mimi huko sishuki, Baba Adrian."

"Kwa nini?"

"Nina kazi."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mitupu. Niseme ukweli, niliumia.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua imefika jana, na asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Nilishuka na ndoo yangu, nikakuta maji ya kona ya juu yamekuwa meupe. Nikachota kwa kiganja, nikanusa, nikaonja. Uji wa ulezi, mwepesi, bila sukari. Samaki walikuwa wameshiba, hawakunitazama.

Nikampigia simu Bwana Lutengano kwamba kuna mtu anatilia bwawa langu sumu. Amekuja saa nne, akapima, akasema ni uji.

"Nani analisha samaki uji?"

"Mzee, mimi ni mtu wa Tukuyu," akasema, akikunja suruali ashuke kwenye tope. "Ya Iringa waulize wa Iringa."

Jumatano, 18 Desemba

Nimeona jambo na nitaliandika kama nilivyoliona. Saa nane mchana nilikuwa ukingoni nakata majani. Kule juu nyumbani mama alianza kuimba ule wimbo wake wa kubembelezea watoto, ambao hauna maneno, ni kuvuta sauti tu. Samaki wakapanda juu. Wote, kona ya juu, midomo nje ya maji, kimya. Nikarusha bonge la udongo katikati yao na hawakutawanyika. Mama aliponyamaza wakazama.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimengoja makusudi. Ameimba saa tisa. Wamepanda. Amenyamaza, wamezama. Kutoka nyumbani mpaka bwawani ni hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu, na mimi mwenyewe nilimsikia kwa shida.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Mwanangu Adrian amekuja na mkewe. Amelisifu bwawa. Mkewe alitaka kushuka akaone samaki. Faustina akamwita arudi, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwake. Msichana wa watu alirudi mbio. Tukala kuku.

Jumatano, 1 Januari 2025

Uji tena.

Jumapili, 12 Januari

Mvua. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, umechanganya na Isaka haonekani mpaka jioni. Maji ya kijani safi: nikizamisha mkono mpaka kiwiko sioni kiganja. Lakini leo nilipouzamisha kona ya juu niliutoa upesi. Kwa sababu ya joto. Maji ya chemchemi ya huku huwa baridi ya kuuma mifupa, na pale yalikuwa na joto la mwili wa mtu.

Jumamosi, 25 Januari

Siku ya kupima samaki. Tulikuwa mimi, Isaka na Bwana Lutengano, na wavu wa mita kumi. Upande wa chini wavu ulipita vizuri, perege wana upana wa kiganja, afisa akafurahi. Tulipofika kona ya juu ukagoma. Haukunasa kwenye jiwe wala mzizi, maana jiwe likinasa wavu unasikia pale pale. Huu ulizuiliwa taratibu, mahali pengi kwa pamoja. Isaka akaachia upande wake, akatoka majini, akakaa juu ya tuta na viatu mkononi.

Nikavuta peke yangu. Ulipokuja haukuwa na samaki hata mmoja. Kulikuwa na uzi wa shanga nyeupe na nyekundu, mdogo, wa kuzunguka kiuno cha mtoto mchanga. Uzi wenyewe haukuwa umeoza.

Nilifanya kosa la kuupeleka nyumbani na kuuweka mezani mbele ya Faustina kama mtu aliyeokota kitu cha kuchekesha. Alikuwa anachambua maharage. Alitazama zile shanga, na uso wake ukabadilika rangi mbele ya macho yangu.

"Umezitoa wapi?"

"Bwawani. Kwenye wavu."

Hakupiga kelele. Alizichukua kwa mikono miwili, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake, akaenda chumbani kwa mama. Nilisikia wanasemezana Kihehe kwa sauti ya chini, wanawake wawili, mmoja akilia. Nilikaa na maharage mpaka giza likaingia. Usiku huu analala huko.

Jumapili, 26 Januari

Kimya.

Jumatano, 29 Januari

Kimya. Mvua.

Ijumaa, 31 Januari

Uji tena, na safari hii mvua iliacha tope laini, nikaona nyayo. Ni za wanawake, peku, wengi, wametoka kwenye migomba wakarudi kwenye migomba. Nimeangalia tarehe zangu zote: wanakuja kila mwezi unapoandama. Unyayo mmoja ninaufahamu. Kidole gumba cha kulia kimepinda ndani, aliangukiwa na mtwangio kabla sijamwoa.

Kumbe Faustina anashuka, ila hashuki nami. Nimekaa juu ya tuta nikiwa na wivu wa kijinga, na sijui namwonea nani.

Jumatatu, 3 Februari

Amesema, "Chumvi imekwisha." Nimekwenda mpaka Mlandege mjini kununua chumvi, ingawa kwenye duka la hapa pia inauzwa. Nimeleta na sukari, na sabuni ya kunukia. Akasema asante.

Jumanne, 18 Februari

Mvua siku ya sita. Tuta la chini linavuja kidogo.

Jumamosi, 1 Machi

Jana mvua ilinyesha kutwa na kucha. Alfajiri niliruka kitandani bila mtu kuniamsha, nikachukua jembe nikakimbia bondeni. Nilijua tuta limekwenda, na samaki wote wamekwenda nalo mpaka mtoni.

Nilipotokeza kwenye migomba kulikuwa kumeanza kupambazuka. Walikuwa pale. Wanawake kumi na zaidi, majembe mikononi, vitenge vimelowa mwilini, na vibuyu vyao vya uji vimewekwa pembeni. Niliona Mama Aroni, jirani yetu, aliyekataa salamu yangu tangu Oktoba. Niliwaza wamekuja kunibomolea, nikainua jembe langu. Ndipo nikaona wanabeba udongo wa mfinyanzi kwa karai na kuujaza kwenye ufa. Walikuwa wanaliponya tuta langu.

Mama Aroni aliniona.

"Geuka, Baba Adrian."

"Mama Aroni, mimi ndiye mwenye..."

"Geuka, baba. Tafadhali."

Kwa namna alivyosema tafadhali, niligeuka. Nilisimama nikitazama migomba, mvua inanipiga kisogoni. Nilisikia majembe, kisha viganja vikipigapiga udongo, kisha wakaanza kuvuta ule wimbo wa mama usio na maneno. Kulikuwa na sauti nyembamba ndani yake. Nilijiambia ni ya Tusekile, mke wa Isaka, ana sauti ya juu.

Kulipokuwa kimya muda mrefu niligeuka. Hakuna mtu. Ufa umezibwa vizuri kuliko nilivyoweza kuuziba mimi, na udongo umejaa alama za viganja, mamia. Nilichuchumaa nivitazame. Upande wa nje vilikuwa viganja vya wanawake. Upande wa ndani, chini, mstari wa maji ulipofikia, vilikuwa vidogo. Niliweka kidole gumba changu juu ya kimoja na kikakifunika chote.

Nimeandika haya saa nne asubuhi, nikiwa nimevaa nguo kavu. Nilirudi na Isaka kumwonyesha. Maji yalikuwa yamepanda, alama za chini hazionekani tena.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda misa. Faustina alipoondoka niliingia chumbani kwa mama nikakaa kwenye kitanda chake. Nilimwuliza kuna nini bondeni. Akasema, kwa Kihehe, kwamba wanaume hawaambiwi.

"Mama, jana nimeona viganja."

Aligeuza uso. Macho yake hayaoni, lakini yalinipata.

"Vidogo?"

"Ndiyo."

Kisha aliniambia, na kwa kuwa alinitambua muda wote, namwamini. Upande wetu mtoto akifa hajaota meno hazikwi pakavu, maana tumbo la mama yake litakauka naye. Wanawake wanamweka kwenye chungu, wanamfunika kwa chungu, wanampeleka penye udongo usiokauka. Wanaume hawaendi wala hawaambiwi, na mama mzazi mwenyewe hulia siku moja tu. Mwezi ukiandama wanapelekewa uji.

"Vyungu vyao umeviweka wapi?" akaniuliza.

"Tumevivunja. Viko kwenye tuta, na udongo wake."

"Ndiyo maana wanatembea. Walikuwa na nyumba, ukawatoa nje."

"Mbona hamkunizuia? Nilitangaza mpaka kanisani! Nilichimba wiki mbili mnanitazama!"

"Tungekuzuiaje bila kukuambia? Na wanaume hawaambiwi."

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwamba maji hutiririka kwenda chini. Niliona aibu kwa ajili yetu sote, sisi tunaochagua penye maji kwa sababu ni rahisi kuchimba, na wao waliopachagua kabla yetu kwa sababu hiyo hiyo.

Niliuliza ni watoto wa akina nani. Akaanza kutaja nyumba, na nyumba zilikuwa nyingi. Ya Mama Aroni, wawili. Ya mama yake Isaka. Yetu, wake mwenyewe watatu, wadogo zangu ambao sikuwajua.

"Na wa Faustina," akasema. "Wewe ulikuwa Mbalizi."

Jumatatu, 3 Machi

Nilikuwa Mbalizi. Machi tisini na tano. Kondakta wa basi aliniletea barua ndogo ya shemeji: mtoto amezaliwa, mtoto amefariki, usisumbuke kuja, mambo yamekwisha. Ilikuwa miezi ya mahindi kutoka ghalani. Sikusumbuka, hata Pasaka. Nilikuja Krismasi na doti mbili za kanga, hakuna aliyelitaja jambo hilo, nami nikashukuru kwamba hakuna aliyelitaja. Mwaka wa tisini na saba akazaliwa Adrian, tukamwita mtoto wa kwanza.

Miezi minne nimepita na toroli juu ya tuta lile kila siku.

Jumatano, 5 Machi

Majivu kanisani, Kwaresima imeanza. Faustina alipiga magoti mbele yangu kwenye mstari. Nilitazama kisigino chake, kilikuwa na udongo wa mfinyanzi.

Ijumaa, 14 Machi

Bwana Lutengano amesema samaki wako tayari, ataleta wavu mkubwa Jumatatu ya Juma Kuu. Nikamwambia sivui. Nikamweleza kwa kifupi, bila viganja. Alivua kofia.

"Nani amekuambia, mzee?"

"Mama yangu."

"Basi sina swali. Endelea kuwapa pumba tu."

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Nilitaka kumwuliza jana. Leo pia nilitaka.

Jumatano, 26 Machi

Nimefungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu nikamwomba chai.

Jumatatu, 31 Machi

Mwezi umeandama jana. Sikulala. Alfajiri nilimsikia Faustina akikoroga sufuria jikoni. Nilivaa, nikaenda kusimama mlangoni.

"Naomba nikubebee," nikasema.

Alinitazama. Nilifikiri atasema ana kazi. Badala yake akajifunga kitenge, akamimina uji kwenye kibuyu, akanipa, akatangulia. Tulipita migombani. Wanawake wengine hawakuwapo, na sikuuliza waliambiwa nini. Alikwenda moja kwa moja kona ya juu, akakaa chini kwenye majani yenye umande, miguu karibu na maji. Nikakaa pembeni yake. Miezi mitano nimeomba jambo hilo, na lilipokuja niliogopa hata kupumua.

Nilianza kusema habari za vigae. Akatikisa kichwa.

"Hivyo nilishavilia."

Ndipo nikauliza. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya msamaha, nikaona hayafai kabla sijalijua jambo moja ambalo mwanamume yeyote analijua siku ya kwanza.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Faustina aliangua kilio, akajizuia kwa kitenge. Nilimwacha. Ilichukua muda mpaka akaweza.

"Miaka thelathini, Liberatus. Nikasema labda Krismasi hii atauliza, labda Pasaka. Ungeuliza wakati wowote, hata mwiko ningeuvunja, ningekuambia." Akafuta pua. "Wa kike. Aliishi siku kumi na moja. Alikuwa ana masikio yako, haya yanayosimama, na akinyonya anashika kidole changu asikiachie. Mama alimfunga zile shanga, mimi nikamwita Khadija wa Kalenga, yule mwuza poda wa sokoni, kwa utani, alivyokuwa anapenda kujipodoa kwa maziwa. Jina la kweli tulingoja uje umpe."

Hakuwa ameniita Liberatus tangu harusi yetu. Nililia bila kujificha.

Akanionyesha kwa kidole mahali pa kumimina. Nilimwambia wanaume hawafanyi. Akasema wanaume hawaambiwi, na mimi nimeshaambiwa. Nikainamisha kibuyu. Uji ukaenea juu ya maji, mweupe, mbele ya miguu yetu. Samaki walikuwa upande wa chini wote, kando ya tuta. Niliona migongo yao kwa mwanga wa asubuhi, elfu nzima, wamesimama kwa adabu, hakuna aliyesogea.

Uji ulianza kupungua. Ulipungua kutoka kingo kuja katikati, taratibu, mpaka maji yakawa meusi tena.

"Hajashiba," akasema Faustina. "Mwongeze."

Nikamwongezea.